Mhazini wa Kikoba, Iyela

Dalali wa mahakama katubandikia karatasi mlangoni,
kwa gundi ya unga wa ngano:
Nyumba hii itauzwa kwa mnada.
Siku kumi na nne.
Ukungu wa Loleza umeilowesha tayari,
wino umekataa kufutika.

Mwenye nyumba wangu, Baba Tumpale,
alikopa benki kumalizia vyumba vya mbele.
Mimi sikukopa. Niliogopa.
Nimelipa kodi miaka kumi na mmoja,
miezi sita sita, kwa mkupuo,
fedha za viazi vya Isyonje, debe kwa debe,
na kila Januari akipandisha:
"Saruji imepanda, Mama Gwantwa."
Saruji ipi, na nyumba ilishasimama?
Nikalipa.
Dada yangu wa Tukuyu hunicheka,
ati napalilia migomba ya watu.

Jioni hii kikoba kimeketi kwa Bi Subilaga,
wanawake kumi na wanane, jiko moja la mkaa.
Hoja: tumwokoe Baba Tumpale.
Mkewe ni mwenzetu. Ana watoto.
Mtu aliyejenga, wanasema, haachwi alale nje.

Nikauliza, wala si kwa ubaya:
Atuganile wa chumba cha uani,
godoro lake liliporushwa kwenye mvua ya Machi
kwa deni la miezi miwili,
tulimchangia nini?
Kimya. Mtu akachochea mkaa.
"Yule alikuwa mpangaji tu."

Tu.
Herufi mbili, zikanishukia hadi magotini.

Na benki yenyewe, nasikia, ikiyumba hubebwa
na watu wa suti, mchana kweupe,
wala haiitwi sadaka.

Ningekataa. Sanduku lina kufuli tatu,
ufunguo mmoja ninao mimi.
Ila mnunuzi atataka nyumba tupu,
na Gwantwa ana mtihani wa darasa la saba,
na ukuta wa chumba chetu una mistari ya penseli
ya kimo chake, tangu hajafikia kitasa.

Nikafungua.

Kwenye daftari kila mmoja kaandika mchango.
Kwenye mstari wangu nimeandika kodi,
mwaka mzima, mapema,
kwa bei ya mwaka ule wa kwanza,
nikaacha nafasi ya sahihi yake.

Kesho alfajiri, kabla hajanawa uso,
nitamgongea mlango.
Zamu hii nagonga mimi.