Kistari

Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa, Poznań,
ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu.
Kazi yangu ni jedwali: timu ya taifa ya vijana,
wanaume, chini ya miaka ishirini na mmoja,
mpira wa magongo. Wa nyasi, nawaeleza watu,
si ule wa barafu.
Huitikia "ahaa", kisha huniuliza habari za barafu.

Mwaka. Mji. Nafasi.
Kushinda, sare, kushindwa.
Mabao tuliyofunga, mabao tuliyofungwa
(safu hii ya mwisho nimeichora pana).

Nafasi ya nane. Ya kumi. Ya saba mwaka ule
Gniewko Szulc alipoziba goli kama mlango wa ghala,
na mikwaju ikagonga pedi zake du, du, du,
mpaka Waustria wakaanza kucheka wenyewe.
Jedwali linasema: sare, mbili kwa mbili.
Halisemi kwamba kidole gumba chake
kilivunjika mkwaju wa pili,
naye akanyamaza hadi kwenye basi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani.
Haya. Basi sisi ni washindani wa kutupwa:
tumekubali tisa kwa sifuri,
tumekubali mvua ya upande,
tumekubali wimbo wa taifa kukatwa katikati
kwa kuwa ratiba ilikuwa imechelewa.

Lakini upo mstari mmoja
wenye mwaka, wenye mji,
kisha kistari.
Kistari maana yake hatukwenda.
Fedha hazikutosha. Barua ya kujitoa
niliichapa mimi, Jumanne, kabla ya chai.

Jana akapanda ngazi mtu
mwenye vumbi la vigae kwenye nyusi.
Jeremi Wrzos, wa Gąsawa,
mji mdogo ambako gongo husimama nyuma ya mlango
bega kwa bega na mwavuli.
Mwaka ule alikuwa na ishirini na mmoja.
Uliofuata, umri ukamfungia.
"Nimekuja kuona," akasema, "nilipo."

Nikafunua daftari. Kidole chake kikashuka,
kucha imejaa saruji,
kikapita ya nane, kikapita ya kumi,
kikatua.
"Kifupi," akasema.

Akanisimulia Februari:
maji ya uwanja yameganda usiku,
wanayavunja kwa visigino kabla ya mazoezi
(barafu, ndiyo, hata sisi),
naye anapiga kona fupi mia mbili kwa siku,
mia mbili, peke yake, golini hakuna kipa,
kibao cha nyuma kinaitikia, kinaitikia.
Jezi namba kumi na nne bado ina lebo.
Mkewe anataka kuitoa sadaka.

Nilitafuta neno. Nikapata sukari,
nikamtilia vijiko viwili bila kumuuliza.
Akanywa, akashukuru, akateremka
akihesabu ngazi kwa sauti ndogo
kama mtu anayepasha misuli.

Ndipo nikachukua penseli, si kalamu ya wino,
nikakirefusha kile kistari.
Kikavuka nafasi, kikavuka sare,
kikavuka mabao ya kufunga na ya kufungwa,
kikatoka nje ya jedwali kabisa,
hadi ukingoni mwa karatasi.

Mkaguzi huja Aprili. Ataniuliza.
Nitamwambia ni mkono,
uzee, dirisha halifungi vizuri.