Nyakati za Vitenzi

Utangulizi niliuandika miaka kumi na miwili iliyopita:
"Wanawake wa Isevya wanaamka saa tisa usiku
kuwahi foleni ya kisima."
Sentensi nyepesi. Nilijivunia.
Nilikuwa na daftari jipya
na mume mwenye saa ya reli.

Mihambo alikalia ndoo iliyopinduliwa, akipima:
dakika arobaini, dakika tisini,
Kalunde katoka na madumu mawili, mgongo umelowa,
Bi Mwavita karudi na dumu tupu na matusi.
Aliyaandika hata matusi.
"Hii nayo ni data," akasema,
nikacheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Halafu figo.

Ada ya mwaka wa tatu iliingia kwenye mashine,
ikazunguka na damu yake, ikatoka.
Tulipanga chumba Mwanza, juu ya mawe.
Daktari akampimia maji: nusu lita kwa siku.
Tulitumia kikombe cha chai, kile chenye ua.
Mtu aliyehesabu foleni za mtaa mzima
akawa anahesabu mafunda,
na ziwa lote lile dirishani
likimetameta bila aibu.

Nilirudi naye Tabora, yeye kwenye sanduku.
Juu ya kabati mchwa walishakula
madodoso arobaini na moja, wakabakiza pini.
Chuo kikaandika: muda umekwisha.
Kisha: muda umeongezwa.
Kisha msimamizi wangu akastaafu, na barua zikakoma.

Mwaka mmoja wakachimba mtaro mbele ya nyumba.
Bomba la buluu. Fundi akafungua koki kujaribu;
likakohoa hewa, likakohoa kutu, halafu yakaja
maji ya ziwa lilelile,
yamekata pori lote lile kunifuata.
Nikayaacha yajaze ndoo, yafurike, yachimbe udongo.
Jirani akapiga kelele: "Mama Shija, mita inahesabu!"
Iache ihesabu.

Na tasnifu yangu, ukurasa wa mia na nne,
ilikuwa ingali inapendekeza maji yaletwe.

Msimamizi mpya, Dokta Rwegoshora,
mtoto wa sekondari wakati mimi naanza,
akaandika kwa wino mwekundu:
"Hali imebadilika. Rekebisha nyakati za vitenzi, kote."

Kote.

Basi usiku, Shija akishalala, napachua NA, napachika LI,
kama fundi anayebadili mipira ya koki.
Wanaamka: waliamka.
Wanagombana: waligombana.
Kalunde anasema: alisema.
(Kalunde yupo, anauza vitumbua Cheyo.
Nilimpigia kumwomba radhi. Akacheka:
"Kumbe mimi nimeshakuwa wa zamani?")
Miezi minne, herufi mbili kwa herufi mbili,
na sikulia popote humo,
si kwenye majedwali, si kwenye Sura ya Nne iliyoniua mara mbili,
mpaka nilipofika Shukrani:
"Mume wangu, Mihambo, ananishikia saa."

Kidole kikakaa juu ya kitufe.
NA ni ya leo.
NA ni ya kuwa na mtu.
Nje koki ilikuwa inadondosha, fundi hakuibana vizuri.
Nikairuka sentensi, nikaenda Marejeo,
nikapanga majina ya watu nisiowajua kwa alfabeti
mpaka jogoo.

Dokta akaizungushia duara: "Wakati?"
Nikamjibu pembeni, kwa penseli:
"Nimehakiki. Ni huohuo."
Hakuuliza tena. Namshukuru kwa hilo
kuliko kwa maoni yake yote ya nadharia.

Leo niko kwenye duka la vifaa vya ofisi, karibu na stesheni.
Kijana anafunga nakala nne, jalada gumu;
gundi inanuka mpaka barabarani.
"Mama, maandishi ya dhahabu yana bei yake."
Weka.
"Na ubavuni niandike mwaka gani?"

Kama mjinga, naangalia mkono.
Mkanda umelegea, nimeutoboa tundu jipya kwa msumari.
Inachelewa dakika sita kila siku.
Sijaipeleka kwa fundi.