Kisigino

Lyon, Februari. Barabarani theluji imegeuka tope,
ila ghorofa ya nne, kwa daktari wa meno,
glasi zimepigwa msasa wa macho.
Huguette amezihesabu mara mbili.
Ndiyo hesabu aliyobakiwa nayo,
yeye aliyefundisha aljebra miaka mitatu,
vumbi la chaki likimkaa kwenye kope.

Nyumba njema si mlango, husemwa.
Hapa mlango ndio nyumba.

"Mke wangu siasa hazimpendezi," asema Armand,
akijibu swali asiloulizwa.
Huguette atabasamu. Tabasamu lina kifungo
nyuma ya shingo, kama mkufu;
huwa linambana kufikia saa nne.
Wageni wasifu mchuzi. Wasifu mapazia.

Uma wamponyoka.
Ainama, na chini ya kitambaa cha meza
auona mguu wa Madame Perrachon,
yule asiyechoka, yule wa kuigwa:
kiatu kando, soksi ya hariri imegandia,
kisigino kimechubuka hadi nyama.
Na huko juu, sauti yake ileile yacheka.

Huguette akawia kuinuka.
Kidole chasogea. Hakigusi.

Usiku wa manane Armand alegeza tai:
"Umenipa sifa leo, kipenzi."
Kisha alala, fofofo.

Zuliani pana tone, limeanza kuwa kahawia.
Kitambaa kibichi kipo jikoni.
Huguette asogeza kiti kinacholificha,
awasha taa kubwa,
aketi mkabala nalo, viatu mkononi,
mpaka maziwa ya asubuhi yagongwe mlangoni.