Silabi Moja

Miaka ishirini na sita nilisema na watu
kwa mdomo wa bati juu ya nguzo,
stesheni ya Tabora, usiku na mchana,
nao wakageukiana, mizigo kichwani:
"Amesema nini?"

Kwa hiyo usinichoke, Lusangija,
nikikaa dukani kwako tangu saa nne
nasikiliza, sinunui.

Wewe unauza kishindo.
Umenifungulia sabufa ndefu kama mtoto wa darasa la tatu,
ukaweka sinema ya magari yanayolipuka,
vikombe vikacheza kwenye sinia,
muuza vitunguu wa nje akashika mizani yake.
"Unaisikia hiyo besi, mzee? Inaingia kifuani!"
Nimeisikia.
Kifua changu kina kazi nyingine.

Sebule yangu, kule Cheyo, ni hatua nne kwa tatu.
Ukuta mmoja tunachangia na mwalimu Kashindye,
mwenye pacha wa miezi miwili na macho mekundu.
Wa pili una dirisha. Wa tatu una kabati la Nyamizi,
na kabati hilo halihami,
lina usemi nyumbani kuliko mimi.
Hilo dude lako nilipakate?

Nipe zile. Zile tano, nyuma ya feni mbovu,
kila moja kimo cha nusu mkate.
"Hizo, mzee? Hizo za wanafunzi."
Ziwashe. Usiweke muziki, usiweke bomu.
Niwekee mtu anaongea, tena kwa sauti ya chini,
mtu mwenye la kuficha.

Maana yuko mama mmoja, jina lake sikulijua.
Mwaka ule wa mvua nyingi
nilitangaza treni ya Kigoma, njia ya pili.
Bati likakoroma, likameza kichwa cha neno,
likatema mkia:
"...oma."
Akapanda ya Dodoma.

Siku ya tatu alirudi, na ndoo yake ya asali,
akasimama dirishani kwangu. Hakutukana.
Alisema tu: "Dada yangu wameshamzika.
Baba, juzi ulisema nini?"

Lusangija amenyamaza, anafuta vumbi kwa kiganja,
anachomeka waya, mwekundu kwa mwekundu.
Kwenye runinga mwanamume ameinama mlangoni,
ananong'ona: "Kesho usije."
Nikaisikia ile *si*.
Ndogo, kavu, imesimama peke yake
kama punje ya mchele juu ya meza.
Rudisha, nikasema. Akarudisha.
*Si.* Ipo.

"Lakini hazina ngurumo, mzee."
Ngurumo tunayo ya bure, mwanangu,
kuanzia Novemba, juu ya bati.

Tulivutana bei mpaka adhana ya adhuhuri.
Akanipunguzia elfu kumi na tano,
akaniongezea waya, na kijisanduku cha besi
kinachoenea chini ya kiti, kama paka.

Nyumbani nilimkalisha Nyamizi pale anapokaa daima,
nikapima kwa uzi kutoka sikio lake hadi ukutani,
nikagonga misumari. Sikio la kushoto limechoka,
basi ya upande huo nikaisogeza karibu kidogo.
Ile ya kati nikailaza chini ya runinga
juu ya kanga iliyokunjwa mara nne,
isije ikaamsha glasi kabatini.

Usiku, sauti iko chini, pacha wamelala.
Mwanamke wa kwenye sinema
akasema jambo bila kufungua mdomo vizuri.
Nyamizi akanigeukia:
"Amesema nini?"

Nikahisi pesa yangu yote inazama.
Nikaifuata rimoti chini ya mto,
nikageuza macho kwenye waya, kwenye misumari...

"Acha," akacheka. "Nimesikia kila neno.
Nilitaka utangaze wewe."

Nikasimama.
Nikakohoa kidogo, kama zamani.