Amana

Walijiandikisha watu wanne, usiku kumi na mbili.
Wa tano alishuka gatini ndani ya kasha,
na Bwanaheri wa mkokoteni akadai ujira wa mara mbili:
"Hiki kina mikono. Si mzigo, ni abiria."

Mimi ndiye mshika ufunguo wa nyumba ya Bi Barke, Mkomani.
Nafagia kiwanda, napangusa zidaka,
naijua ngazi ya tatu inayoteleza masika
na boriti inayolia kabla ya mvua.
Sikuambiwa kwamba nyumba imekodiwa
iwe chumba cha mtihani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe alikuja nalo.
Asubuhi ya kwanza alizichukua shuka nilizokwisha kuzikunja
akazikunja upya, pembe kwa pembe.
Vijana wakaandika: shuka, amefaulu.
Wakaandika: kikombe, amefaulu.
Wakaandika: ngazi,
wakafuta.

Siku ya tano alitumwa zidakani.
Mkono ulikwenda taratibu, nakiri, taratibu kuliko wangu,
lakini nyumba hizi hazikujengwa kwa rula.
Fundi alipima kwa shubiri yake, na shubiri yake
amezikwa nayo.
Chokaa ikabanduka, kipande kama kiganja cha mtoto,
ua lililochongwa likabaki nusu,
na sahani ya samawati ikateremka.
Haikupiga kelele. Ilisema "aa" tu,
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Barua zikaanza.
Bi Barke, Mombasa: laki moja na themanini, pamoja na fundi.
Kampuni: ukuta ulikuwa na ufa kabla.
Bi Barke: ufa gani?
Kampuni: uliopo pichani.
Bi Barke: picha mliyopiga baada.
Na wale wa katikati, wenye kukodisha nyumba wasizozikanyaga,
wakaomba risiti ya sahani.
Risiti! Imekuja na mahari ya nyanyake nyanya.
Nani alimdai bwana harusi risiti?

Nikawaza punda.
Punda akibomoa baraza ya mtu hapa, hatuandikiani.
Mwenyewe anajulikana, na mamake anajulikana,
jioni atakuja na chokaa na aibu yake katika ndoo moja.
Huyu mwenyewe ni nani?
Aliyemuunda yuko ng'ambo. Aliyemkodia nyumba yuko Nairobi.
Aliyebonyeza ni Kiprono, miaka ishirini na mitatu,
amekaa jikoni kwangu na mkate wa mofa mkononi,
hali, halii, anautazama.

Wiki ya pili zikaletwa picha za mgeni mwenyewe,
alizopiga kwa macho yake alipoingia,
kabla hajagusa kitu.
Nilizitazama kwenye simu, nimekaa dakani.
Kidaka: kizima. Ua lote. Hakuna ufa.
Amejishitaki bila kuulizwa.
Kisha sahani, karibu, karibu zaidi,
na mstari mwembamba mwekundu umechorwa juu yake,
ukipita shingoni mwa ndege:
ilivunjika zamani, imeungwa kwa gundi.

Miaka tisa.
Ilikuwa Ramadhani, vidole vyangu vina mafuta ya sambusa.
Gundi nilinunua kwa mshona viatu, Langoni,
nikaigeuza sahani upande mzuri utazame mlango.
Wageni wangapi wameisifu!
Na miaka tisa yote ufunguo u kiunoni mwangu.

Kampuni huita amana zile shilingi
zinazozuiwa benki mpaka mgeni atoke.

Bi Barke akapiga simu.
"Somoe, picha umeziwene?"
"Nimeziwene."
Nikasikia feni ya nyumbani kwake ikizunguka.
"Basi sahani tuitoe hesabuni," akasema. "Tudai kidaka."
Hakuuliza mwaka.

Kasha liliondoka Jumatatu, kwa ujira wa mara mbili.
Kiprono aliniletea karatasi nitie saini
kwamba nyumba imerudishwa salama, isipokuwa kidaka.
Nilitia.
Penye nafasi ya maelezo niliandika, kwa mkono uliokwenda
taratibu kama wake:
tazameni na upande wa nyuma.