Kijiti cha Mpera

Kwanza sikumwona. Niliandike hilo mwanzo kabisa,
maana kutoonekana ndiyo kazi yake.
Nilikuwa napogoa mpera uani kwetu, Kisauni,
baina ya tangi la maji na kamba ya nguo.
Nikakata tawi,
na kipande cha tawi
kikaamua kuondoka kwa miguu.

Miguu sita, nilihesabu. Mmoja mfupi,
mwembamba kama sindano ya shangazi Mwanakombo,
mshonaji wa kofia za vito, mwenye subira ya vitobo.
"Huo aliuacha kinywani mwa kinyonga," akasema,
"sasa waota upya.
Kila akijivua ngozi huongezeka kidogo,
kama deni lilipwalo kwa sarafu."

Akamtia chupa iliyokuwa ya achari,
mdomoni kipande cha chandarua,
chini gazeti, na daftari pembeni.
Nikanyoosha kidole.
"Tizama kwa mato," akaniambia,
"mikono iweke mfukoni."

Mchana alikuwa mti.
Miguu ya mbele ameinyoosha kupita kichwa,
ameufumba mwili kuwa mstari.
Nikimpulizia, aliyumba,
si kwa hofu, kwa adabu ya majani:
upepo ukipita, usiwe wewe peke yako uliyetulia.

Usiku, stima ikikatika mtaa mzima,
tulimsikia akila.
Alianzia ukingoni mwa jani akielekea ndani,
akiacha mwezi mwandamo
mmoja baada ya mwingine.

Tarehe kumi na tisa (daftari lasema)
alining'inia kichwa chini,
mgongo ukapasuka bila damu,
akajitoa ndani ya nafsi yake
kama mtu avuaye soksi ndefu kwa uvivu.
Kisha akaigeukia ngozi ile, akaila.
Hakubakisha ushahidi.
Mguu wa deni ulikuwa umerefuka,
lakini haukuifikia mingine,
na hakujivua tena.

Kisha yakaanza mayai.
Hakuyataga mahali, aliyaachia tu:
ti.
Kimya. Ti.
Juu ya gazeti, juu ya bei za vitunguu na tanzia za watu.
Kahawia, madogo kuliko punje ya mtama,
kila moja na kikofia cha rangi ya siagi.
Ungeapa ni mbegu.

Fundi Mbwana, aliyekuja kuziba tangi,
akainama, akauliza: "Dume lake liko wapi?"
Shangazi alikuwa anatunga uzi.
Miaka hamsini na sita, na hakuna harusi
ambayo hakuulizwa swali la jirani na hilo.
Akaulamba uzi, akaupitisha tunduni.
"Hana. Ataga hivyo hivyo,
na watakaotoka ni majike, sura yake tupu.
Wewe ziba tangi."

Mayai mia mbili na kumi na manne.
Kumi tuliyaweka kizingitini.
Siafu hawakuja, walikuja sisimizi,
wakayabeba kwa vikofia vyao hadi shimoni.
Kikofia ndicho chakula. Yai lenyewe hulitupa
jalalani mwao, gizani,
ambako nyigu hafiki.
Nikawaza: kumbe jaa la mtu
laweza kuwa kitanda cha mwana wa mwingine.
Shangazi aliandika tu: *kumi, yamekwenda.*

Siku aliyokufa hatuijui.
Hakuanguka, hakukunja mguu.
Asubuhi moja nilimpulizia, kama kawaida,
majani yakayumba,
yeye hakuyumba.
Ndivyo tulivyojua.

Masika yamepita, na mengine.
Hatukuona mtoto hata mmoja akitoka kizingitini.
Lakini majani ya mpera, yale ya chini,
yana miezi myandamo kingoni,
na juzi, panga mkononi, nimejikuta nimesimama
nikipulizia tawi baada ya tawi,
nikingoja kuona
lipi litachelewa kutulia.