Kiti Kimoja

Wybren amezileta mbili, ndefu kunipita,
bapa kama milango isiyo na nyumba.
Hazina tumbo, hazina sanduku,
utando tu, mwembamba, na sumaku nyuma yake.
Mwenye duka katupa wiki moja.

Zataka mita nzima kutoka ukutani.
Sebule yetu hapa Leeuwarden ina mita nne.
Meza imehamia ukumbini, karibu na baiskeli;
tunapakata bakuli za supu.

Lakini jana usiku aliweka santuri ya selo,
na selo haikutoka kwenye spika. Ilikuwamo chumbani,
imekaa kando ya dirisha,
nikasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi,
mpigaji akivuta pumzi kabla upinde haujagusa.
Nilishika mkono wa kiti.

Kisha nikainuka kuchemsha chai.
Hatua mbili tu, selo ikasinyaa,
ikawa umbea wa jirani nyuma ya ukuta.

Zile za zamani, visanduku viwili vya mbao,
kila kimoja mdomo mkubwa na mdomo mdogo,
hunifuata hadi jikoni, hadi bafuni,
zikitia chumvi kidogo kwenye besi
kama shangazi anayependwa na kila mtu.

"Chagua wewe, Sietske. Mwenye masikio ni wewe."
Napima sakafu kwa utepe wa kushonea:
pale zinapoimba kweli
pana upana wa kiti kimoja.
Nasi tu wawili, mwaka wa thelathini na moja.

Jumatatu nitampigia mwenye duka.
Sijui nitamwambia nini.
Leo ni zamu yangu ya kukaa.